Kindi anayeruka wa Amani si kindi. Wajuzi mnasemaje?

#1 MwanaZigi (Muheza)

Wakuu, salaam.

Yule mnyama wa usiku wa kule Amani, milima ya Usambara, mwenye ngozi iliyotanda kuanzia mikononi hadi miguuni, anayejirusha juu ya mti huu akaenda kutua kwenye shina la mti wa mbali, wote tunamwita kindi anayeruka. Vijana wanaoongoza wageni msituni nao wanamwita hivyo. Juzi nilimsikia mgeni akiuliza kama ndiye yule yule wa Marekani, akajibiwa ndiyo. Iliniuma, maana hapana, siye. Huyu wetu kwa ukoo yuko karibu zaidi na panya wa darini kwako kuliko na kindi anayekuibia mahindi shambani.

Kindi wanaoruka wa kweli wapo Asia, Ulaya ya kaskazini na Amerika ya Kaskazini. Afrika hayupo hata mmoja. Wetu ni Anomalurus derbianus, wa familia ya Anomaluridae, na familia hiyo leo haipatikani popote nje ya Afrika. Kuchanganywa kulianza zamani. John Edward Gray wa makumbusho ya Uingereza alipomwandika mara ya kwanza, mwaka 1842, alimtia kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Pteromys, humo humo walimo kindi wanaoruka wa Ulaya na Asia. Mwaka uliofuata tu George Waterhouse akaunda jenasi mpya, Anomalurus, kwa sababu ya kitu ambacho hakuna kindi mwenye nacho: magamba magumu yenye ncha chini ya mkia, pale mkia unapoanzia.

Ninayo maswali mawili. Ikiwa umbo, ngozi na namna ya kuruka vinafanana, kwa nini tumtoe kwenye ukindi? Na la pili, ambalo ndilo linaninyima usingizi: huyu wa Usambara ni spishi moja kweli na yule wa Kameruni na Sierra Leone?

#2 PwaniTulivu (Pangani)

Naweka kambi hapa. Wajuzi njooni.

#3 BintiNgamiani (Tanga mjini)

Kaka, mimi wa mjini mnyama huyo simjui hata kwa picha. Isije ikawa mnamwona komba usiku mnamzulia mabawa.

#4 MkweziWaNazi (Korogwe)

Namuunga mkono dada hapo #3. Usiku, tochi hafifu, kitu kinapita juu haraka: ni komba. Komba anaruka mbali sana, na Usambara yote wamejaa. Waliomwona wa ngozi ni wachache, wanaosimulia ni wengi.

#5 MwanaZigi (Muheza)

Mkuu #4, komba anarukaje? Anajisukuma kwa miguu ya nyuma, anafika tawi la pili, anajisukuma tena. Huyu hajisukumi hivyo. Anapanda mpaka juu kabisa, anajiachia, anashuka mteremko hewani bila kupiga chochote, na karibu na kufika anajiinua kidogo akashika shina kwa miguu yote minne. Kisha anaanza kupanda upya. Anaweza kuvuka zaidi ya mita 100 kwa mwendo mmoja. Komba wa wapi huyo?

#6 MzeeWaBulwa (Amani)

Wanangu, mimi nimefanya kazi kwenye mashamba ya chai huku juu tangu ujana wangu. Mnyama yupo, na si komba.

Nilimwona mchana, na ndiyo maana nina hakika. Mtambara mmoja mkubwa ulikatwa, ndani ulikuwa na uwazi mrefu, wakatoka wawili. Mmoja alikimbilia mti wa jirani akajibandika kwenye gome, kichwa juu, mkia umegandamizwa kwenye mti chini yake. Hakusogea. Rangi ya mgongo ilikaribiana na gome hata mwenzangu akawa haoni ninachomwonyesha. Ngozi ilikuwa imekunjamana ubavuni, ukimtazama utadhani mnyama mnene. Ukubwa wake unapita kindi wa kawaida, nilikisia nusu kilo na ushee.

Hayo magamba anayosema mwanangu #1, niliyaona siku nyingine kwa aliyekufa. Ukipitisha kidole kuelekea mwilini yanakukwaruza.

#7 PwaniTulivu (Pangani)

Shikamoo mzee. Hapo #4 ajibu sasa.

#8 MwalimuChumbageni (Tanga mjini)

Marahaba apewe mzee wetu. Nafundisha baiolojia sekondari, ngoja nichangie kwenye swali la kwanza la mleta uzi.

Ngozi ya kurukia si ushahidi wa undugu. Imezuka mara nyingi kwa wanyama wasiohusiana. Australia kuna wanyama wa mfukoni, jamaa wa kangaruu, wenye ngozi hiyo hiyo. Asia ya kusini-mashariki kuna kolugo, ambaye si mgugunaji (mnyama wa kuguguna kama panya na kindi) kabisa. Cha kutazama ni namna ngozi ilivyotengenezwa. Kindi wanaoruka wa Asia na Marekani wana kijiti cha gegedu kinachotokea kwenye kifundo cha mkono, karibu na kiganja, ndicho kinachotanua ngozi nje. Huyu wetu kijiti chake kinatokea kwenye kiwiko. Njia mbili tofauti za kufikia jambo moja. Laiti wangerithi ngozi hiyo kwa babu mmoja, tungetegemea kijiti kiwe mahali pamoja.

Tena kuna fuvu. Mbele ya jicho la mgugunaji kuna tundu. Kwa kindi tundu hilo ni dogo, na msuli wa kutafunia umeshikilia mfupa wa shavu. Kwa Anomalurus tundu ni kubwa na sehemu ya msuli inapita humo ndani mpaka puani. Huwezi kuwaweka nyumba moja.

#9 Msomaji_Lushoto

Mwalimu, hoja ya kiwiko naipokea. Ya tundu naikataa. Nungunungu naye ana tundu kubwa na msuli unapita humo. Kwa hesabu hiyo kindi wa Amani awe ndugu wa nungunungu? Wataalamu wa karne ya 19 walipanga wagugunaji wote kwa misuli ya taya, na matokeo yake huyu mnyama kahamishwa huku na huko miaka mingi. Tundu nalo linaweza kuzuka zaidi ya mara moja, sawasawa na ngozi.

#10 MwalimuChumbageni (Tanga mjini)

Hilo ni kweli, na ndiyo maana vinasaba vilisaidia. Kwa vinasaba wagugunaji wanagawanyika makundi makubwa matatu: la kindi, la nungunungu na la panya. Anomaluridae wanaangukia kundi la panya. Na ndani ya kundi hilo, jirani yake wa karibu kabisa ni kamendegere. Wamewekwa pamoja kwenye oda ndogo ya Anomaluromorpha, hao wawili tu kwa walio hai.

#11 MgogoWaTanga (Tanga mjini)

Kamendegere?? Mwalimu, mimi kwetu Dodoma kamendegere namjua tangu utoto. Anaishi shimoni, uwanda wa wazi, anaruka kwa miguu miwili ya nyuma, anafukua karanga za watu usiku. Mti hajawahi kuupanda tangu aumbwe. Leo unaniambia ndugu yake anaelea juu ya misitu ya Amani?

#12 MwanaZigi (Muheza)

Ndiyo mkuu. Na wametengana zamani sana, makumi ya mamilioni ya miaka. Mmoja akabaki na miti, mwingine akaenda nyikani. Mimi kinachonifurahisha ni kwamba wote wawili ni wa Afrika. Ni ukoo wa hapa hapa.

#13 BintiNgamiani (Tanga mjini)

Watu wa Tanga bwana, mmeacha kuzungumzia mapenzi mmehamia undugu wa panya. Ila endeleeni, nasoma.

#14 SautiYaJembe (Handeni)

Naomba nipinge kwa adabu. Mpangilio una faida gani kama unamtenga mnyama na anayefanana naye kwa kila kitu na kumuunganisha na asiyefanana naye kwa lolote? Mkulima, mwindaji, hata askari wa msitu anahitaji kumjua mnyama kwa anachofanya: anaishi wapi, anakula nini, anatoka saa ngapi. Kwa kipimo hicho wa Amani na wa Ufini ni kitu kimoja. Wote wanatoka usiku, wote wanalala kwenye mashimo ya miti, wote wanahitaji miti mirefu iliyokaribiana. Ukoo waachieni wenye maabara.

#15 Msomaji_Lushoto

Mkuu #14, ukienda kwa sura tu utapotea hata kwa kindi wenyewe. Mwaka 2003 Mercer na Roth walichapisha mti wa ukoo wa kindi wote kwa vinasaba. Kabla ya hapo walikuwapo waliowapa kindi wanaoruka familia yao peke yao, wakidhani wametokana na babu tofauti kabisa. Ikaonekana wamo ndani ya ukoo wa kindi, tena ubavuni mwa kindi wa miti wa Ulaya na Marekani.

Sasa sikiliza hii. Kindi wa kawaida wa Muheza, jenasi ya Paraxerus, yuko tawi lingine kabisa, pamoja na kindi wa ardhini wa nyikani. Maana yake kindi wa kijivu anayecheza kwenye bustani za London ana undugu wa karibu zaidi na kindi anayeruka wa Himalaya kuliko alionao na kindi wa Muheza. Ukiwatazama kwa macho, utaapa kwamba wa London na wa Muheza ni ndugu tumbo moja.

#16 MkweziWaNazi (Korogwe)

Kwa hiyo kindi wa Muheza kakataliwa na ndugu zake wa London, na wa Amani kakataliwa ukindi wenyewe. Wilaya hiyo ina mkosi.

#17 MwanaZigi (Muheza)

#16 wewe hata utani unakusaidia kukwepa swali la komba.

#14, umesema jambo zito, lakini ulipoishia ndipo tatizo linapoanzia. Ukijua ukoo unajua nini kitapotea. Ukipoteza aina moja ya kindi anayeruka huko Asia, zimebaki nyingine zaidi ya 40. Familia yetu ina spishi saba au chini ya hapo duniani kote. Uzito wa mmoja haulingani na wa mwingine.

#18 MtotoWaMagomeni (Bagamoyo)

Huku kwetu tuna njule, yule mwenye pua ndefu anayepekua majani makavu. Zamani aliwekwa na wala wadudu, na vipanya-pua. Leo anaambiwa ukoo wake ni mmoja na tembo, pimbi na nguva. Nilivyosikia mara ya kwanza nilibisha wiki nzima. Kwa hiyo mimi ya kamendegere nayameza bila maji.

#19 TabibuWaMiti (Tanga mjini)

Niulize kitu tofauti. Kwa nini Afrika hakuna kindi wanaoruka wa kweli? Kindi wa kawaida wameingia, wamejaa hadi Rasi, Afrika Kusini. Hawa wa kuruka walishindwa nini?

#20 MwalimuChumbageni (Tanga mjini)

Maoni yangu: nafasi ilikuwa na mwenyewe. Anomaluridae wako Afrika tangu zamani mno, visukuku vyao vimepatikana kabla kindi hawajafika. Mgeni anakuja anakuta kazi ya kuruka usiku imeshachukuliwa.

#21 Msomaji_Lushoto

Mimi naona ni njia. Afrika ilipoungana na Asia upande wa Arabuni, kilichovuka ni wanyama walioweza kupita kwenye miti ya kutawanyika. Kindi anayeruka bila msitu mrefu unaoendelea hawezi kusafiri. Na wala hawakuwa mbali: karibu na Barcelona imepatikana mifupa ya Miopetaurista, kindi mkubwa anayeruka, ya miaka milioni 11.6. Hispania pale, bahari nyembamba tu. Hawakuvuka.

Halafu, mwalimu, hoja ya nafasi ina shimo. Asia ya kusini-mashariki kindi wanaoruka wanaishi msitu mmoja na kolugo, tena spishi kadhaa za kindi pamoja, wakubwa kwa wadogo. Nafasi inagawanyika.

#22 TabibuWaMiti (Tanga mjini)

Basi labda ni bahati tu? Kutokuwepo si lazima kuwe na sababu moja.

#23 MwalimuChumbageni (Tanga mjini)

Bahati haielezi kwa nini na hawa wetu leo hawapo Asia. Pande zote mbili zimezuiliwa. Kolugo anakula majani, si sawa na kindi. Nabaki na msimamo wangu.

#24 MzeeWaBulwa (Amani)

Mnazungumzia mamilioni ya miaka, mie niulize la karibu. Magamba ya nini?

#25 MkweziWaNazi (Korogwe)

Mzee shikamoo. Hayo ni breki. Anatua kwa kasi, magamba yanakita kwenye gome asiteleze.

#26 Msomaji_Lushoto

Haiwezi kuwa sababu ya mwanzo. Kuna jamaa yao wa Kameruni na Guinea ya Ikweta, Zenkerella insignis. Ana magamba yale yale chini ya mkia, ila hana ngozi ya kurukia hata kidogo. Mwaka 2016 vinasaba vyake vilisomwa kwa mara ya kwanza, kutokana na mizoga ya kisiwa cha Bioko, ikaonekana alijitenga na wenzake mapema sana, wakapendekeza apewe familia yake, Zenkerellidae. Kwa hiyo magamba yalitangulia, kuruka kukafuata. Ni ya kupandia.

#27 MwanaZigi (Muheza)

Au Zenkerella alikuwa na ngozi akaipoteza? Ndege wangapi wameacha kuruka?

#28 Msomaji_Lushoto

Inawezekana, ila hapo unadai mambo mawili yatokee badala ya moja. Nami nina swali kwako, kwa sababu swali lako la pili umeliacha. Unataka huyu wa Usambara awe spishi yake?

#29 MwanaZigi (Muheza)

Sijasema awe. Nasema tuulize. Angalia kinachotokea kwa kindi wanaoruka wenyewe. Marekani walihesabu spishi mbili miaka mingi: wa kusini, ambaye Linnaeus alimwandika mwaka 1758, na wa kaskazini. Mwaka 2017 Brian Arbogast na wenzake wakasoma vinasaba vya wale wa pwani ya Pasifiki, wakakuta hawachanganyiki na wa kaskazini hata pale wanapoishi pamoja. Wakawa spishi ya tatu, Glaucomys oregonensis. Miaka yote hiyo watu waliwaona, waliwashika, walikuwa nao kwenye makabati ya makumbusho.

Kuna na yule mkubwa mwenye manyoya mazito wa milima ya Pakistani, Eupetaurus cinereus. Oldfield Thomas alimwandika mwaka 1888, akapotea machoni mwa wataalamu, akapatikana tena miaka ya 1990. Mwaka 2021 ikaonekana wale wa Tibet na wa Yunnan ni spishi mbili nyingine. Mnyama wa kilo mbili na zaidi! Kama huyo alijificha, wa kwetu je? Usambara na misitu ya Kongo vimetenganishwa na nyika pana. Mnyama asiyeweza kuvuka uwanda usio na miti amekaa huku kwa muda gani peke yake?

#30 SautiYaJembe (Handeni)

Ndiyo ninachosema. Mwaka 2017 waliongeza huyo wa Pasifiki, leo wapo wanaohesabu kindi wanaoruka zaidi ya 50. Wanyama hawakuzaana haraka hivyo, kipimo ndicho kimebadilika. Kesho atakuja mwingine na kipimo kingine apunguze.

#31 TabibuWaMiti (Tanga mjini)

Na wanapunguza kweli. Mfano wa hapa hapa: lile ua la zambarau la Usambara ambalo dunia nzima inalipanda kwenye vyungu. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alipeleka kwao, na mwaka 1893 Wendland akalipa jenasi yake, Saintpaulia. Mwaka 2015 jenasi hiyo ikafutwa, ua likaingizwa ndani ya Streptocarpus. Ua lenyewe liko pale pale kwenye mawe ya mtoni.

#32 Msomaji_Lushoto

Ongeza bundi. Bundi mkubwa wa Usambara aliandikwa mwaka 1908 kama Bubo vosseleri, kwa heshima ya Vosseler aliyefanya kazi Amani. Siku hizi vitabu vingine vinamhesabu kuwa tawi tu la bundi wa Afrika Magharibi, Bubo poensis. Mleta uzi, huo ni ushahidi dhidi yako: mnyama wa msitu, Usambara na magharibi, spishi moja.

#33 MwanaZigi (Muheza)

Bundi ana mabawa, mkuu. Anavuka. Huyu wangu akishuka chini ni mzito na mnyonge. Na vitabu vingine bado vinamtenga bundi huyo, kwa hiyo hata ushahidi wako haujatulia.

#34 MwalimuChumbageni (Tanga mjini)

Tusisahau kwamba misitu hii iliwahi kuungana wakati wa mvua nyingi. Utengano hauna lazima uwe wa kale. Huko nyuma Anomalurus walipewa majina mengi kwa tofauti za rangi, hata yule wa Waterhouse wa mwaka 1843, Anomalurus fraseri, leo kamezwa ndani ya derbianus. Rangi za mnyama huyu zinabadilika mno. Mpaka vinasaba vya mashariki na magharibi viwekwe pamoja, mimi naandika ubaoni spishi moja.

#35 BintiNgamiani (Tanga mjini)

Tanga tulishapata samaki silikanti aliyedhaniwa kafa na kuisha zamani za kale, hadi tukapewa hifadhi ya bahari. Na habari kama hiyo ya juu mlimani itakuja. Kinachohitajika si manyoya tu? Mtu achukue manyoya shimoni mwa mti apeleke.

#36 TabibuWaMiti (Tanga mjini)

Dada, usimtume mtu jela. Utafiti wa wanyamapori una vibali vyake, vya COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori). Lakini wazo zuri, chuo chochote kinaweza kulibeba. Tatizo la kwanza litakuwa kumpata. Mzee #6, mtu aanzie wapi?

#37 MzeeWaBulwa (Amani)

Aanzie kwenye miti ya zamani yenye uwazi ndani. Na atazame gome. Huyu mnyama anakwangua gome, anarudi pale pale kila usiku, mti unakuwa na mabaka.

#38 MkweziWaNazi (Korogwe)

Mabaka hata kima anaweza kuyaacha, mzee wangu. Au mtu aliyechuna dawa.

#39 MzeeWaBulwa (Amani)

Mchuna dawa anachuna anapofika mkono. Haya yako juu, kwenye shina lililosimama, na alama za meno ni nyembamba, mbili mbili. Njoo nikuonyeshe, ila uje na viatu vya maana, huku ruba wengi.